Kibanda cha Mlimani

1. Vakansi ya mwezi wa Julai

Katika Lubumbashi mwezi wa Julai ni mwezi wa baridi. Mvua imekwisha, majani yamekauka, na asubuhi watu wanaota moto wa makala mbele ya nyumba. Shule zimefungwa. Watoto wengine wanakwenda kijijini kwa babu na bibi. Wengine wanabaki mjini, wanacheza mpira na kuwasaidia mama zao sokoni.

Iko vakansi ya namna nyingine tena. Ni kwenda mlimani pamoja na rafiki, kulala siku chache katika kibanda, kupika pamoja, kutembea pamoja na kutazama nchi toka juu. Wengi wanafikiri kwamba kazi kubwa ya mlima ni kufika kileleni. Sivyo. Kazi kubwa ni kulala salama usiku, na kurudi nyumbani wote, bila kumwacha hata mmoja. Kwa kazi hiyo mtu anahitaji vitu viwili: kibanda kizuri na rafiki wa kweli. Tusome jinsi gani.

2. Mlima mrefu wa Kongo

Mlima mrefu kupita yote katika Kongo ni Ruwenzori. Uko mbali sana nasi. Ndege akiruka moja kwa moja toka Lubumbashi kwenda kaskazini, ataruka zaidi ya kilometa 1,300 kabla ya kuuona. Uko kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, karibu na mji wa Beni. Upande wa Kongo mlima huo umo ndani ya Mbuga ya Virunga. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka wa 1925, na zamani iliitwa Mbuga ya Albert.

Kilele chake kinaitwa Margherita. Urefu wake ni mita 5,109. Lubumbashi yenyewe iko juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi. Basi kilele kile kinatupita kwa mita 3,900.

Ruwenzori si mlima wa moto kama Nyiragongo wa Goma. Ni jiwe kubwa la nchi lililosukumwa juu toka chini, wakati nchi ya pande zote ilipopasuka na kushuka. Mawingu yanaufunika karibu kila siku. Juu yake iko barafu, ijapokuwa mlima uko karibu na ikweta. Maji ya barafu na ya mvua yanashuka mpaka mto Semliki, yanaingia katika ziwa Albert, kisha yanafuata Nile mpaka Misri.

Mbona barafu chini ya jua kali la ikweta? Sababu ni hii: mtu akipanda mita 1,000, baridi inazidi kwa digrii sita hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, nayo haishiki joto kama hewa ya chini. Ndiyo maana mtu aliyevaa shati moja chini ya mlima anatetemeka juu yake siku ile ile.

3. Watu waliopanda bila kibanda

Mwezi wa Juni 1889 msafara mkubwa ulipita chini ya Ruwenzori. Mkubwa wake alikuwa Stanley. Mmoja wa maofisa wake, jina lake William Stairs, alitaka kupanda mpaka kwenye theluji. Alichukua watu wa Zanzibar, watu hodari waliokwisha kuvuka msitu mkubwa wa Ituri kwa miguu.

Walipanda siku ya kwanza, wakalala juu mahali pa wazi. Hawakuwa na nyumba. Nguo za Wazanzibari zilikuwa nguo za pwani, nyepesi kabisa. Watu wale walikuwa wamezoea jua la Unguja. Usiku ule waliteswa sana na baridi. Kesho yake Stairs aliendelea na watu wachache, akafika zaidi ya mita 3,200. Hapo aliona mbele yake makorongo marefu kati yake na theluji. Chakula hakikutosha, nguo hazikutosha, na usiku mwingine ulikuwa unakuja. Akageuka, nao wote wakashuka.

Ninyi watoto wa Katanga mnalijua jina la Stairs kwa habari nyingine. Ndiye aliyefika Bunkeya mwezi wa Desemba 1891, na watu wa msafara wake walimwua Mwami Msiri tarehe 20 ya mwezi ule. Habari hiyo ni ya uchungu, nasi tutaisoma katika somo la historia. Hapa tutazame mlima tu. Mbona watu wenye nguvu kama wale hawakufika kwenye theluji? Nguvu walikuwa nayo. Kibanda hawakuwa nacho, wala blanketi, wala chakula kilichowekwa mbele yao.

Miaka 17 ilipita. Mwaka wa 1906 alikuja mtoto wa ukoo wa wafalme wa Italia, Luigi wa Abruzzi. Yeye alijitayarisha kwa namna nyingine. Alileta mahema mazuri, nguo za sufu na watu wenye kuzoea barafu. Bakonzo, wenyeji wa milima ile, walimbebea mizigo na kumwonyesha njia. Kambi ziliwekwa moja juu ya nyingine, kama vipandio vya ngazi. Tarehe 18 Juni 1906 Luigi alisimama juu ya kilele, akakipa jina la malkia wa Italia, Margherita.

Tunaona basi kwamba mlima mkubwa haupandwi kwa mruko mmoja. Unapandwa kwa vipandio, na kila kipandio ni mahali pa kulala.

4. Vibanda vitatu

Baadaye vipandio hivyo vilijengwa viwe vya kudumu. Upande wa Kongo njia inaanza Mutwanga, kijiji kilicho chini ya mlima, katika nchi ya Banande. Banande na Bakonzo ni watu wa ukoo mmoja. Mpaka tu ndio uliowagawa.

Kibanda cha kwanza ni Kalonge, katika mita 2,138. Msitu bado ni mnene huko, na juu kidogo inaanza mianzi.

Kibanda cha pili ni Mahangu, katika mita 3,310. Hapo msitu umegeuka. Miti imepindapinda, na ndevu za kijani zinaning'inia katika kila tawi. Ardhi inalowa kama sifongo.

Kibanda cha tatu ni Kyondo, katika mita 4,303. Huko mnaona mimea ya ajabu inayoitwa senesio na lobelia. Mimea ya jamaa yao mahali pengine ni mifupi, lakini huko inampita mtu kwa urefu. Senesio haitupi majani yake makavu. Inayaacha yashikamane na shina, yawe kama koti. Usiku maji yanapoganda, koti hilo linaulinda moyo wa mti. Hata mti wa mlimani unajua kwamba baridi haichezewi.

5. Rafiki wanne

Tuseme ni siku za amani, na vijana wanne wa Lubumbashi wamefika Mutwanga kwa vakansi. Mmoja ana miguu myepesi, daima yuko mbele. Wa pili anajua kupika. Wa tatu anachekesha wote. Wa nne ni mdogo kuliko wenzake, naye hasemi sana. Wana kiongozi wa njia, mzee Munande aliyepanda mlima tangu ujana, na wapagazi wawili.

Siku ya kwanza wanafika Kalonge wakiimba. Mwenye kupika anawasha moto, anasonga bukari, wanakula na samaki wakavu. Usiku wanavaa triko, wanasikia mvua juu ya mabati, wanasimuliana hadithi. Hakuna redio, hakuna simu. Kila mmoja anasikiliza wenzake, na tena anajua habari zao asizojua mjini: huyu baba yake amekosa kazi, huyu anaogopa mtihani. Kwa sababu hiyo kibanda kinapendeza. Ndani ya chumba kidogo mtu hawezi kumficha rafiki yake uso.

Siku ya pili njia inakuwa mbaya. Mizizi inateleza, matope yanafika magoti. Mwenye miguu myepesi anakimbia mbele. Mzee anamwita:

«Mwanangu, rudi. Weka huyu mdogo mbele, wewe ufuate nyuma yake.»

«Baba, tukimfuata yeye tutachelewa!»

«Tutafika naye, au hatutafika. Mlimani mwendo ni wa yule asiye na nguvu. Wewe ukifika peke yako kibandani, utafanya nini? Chungu yuko nacho mwenzako, viberiti yuko navyo mwingine.»

Kijana ananyamaza, anakwenda nyuma. Wanafika Mahangu kabla ya giza, wote pamoja.

6. Kichwa kinauma

Siku ya tatu wanapanda Kyondo. Jioni yule mdogo hataki kula. Kichwa kinamwuma, anatapika. Anasema, «Ni uchovu tu. Kesho nitapona.» Anaona haya, kwa maana hataki kuwaharibia wenzake vakansi.

Watoto, sikilizeni vizuri, maana hapa ni habari ya kufa na kupona. Katika mita 4,000 na zaidi hewa ni chache. Kwenye mita 5,000 hewa inayoingia katika kifua ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mwili unahitaji siku nyingi za kuzoea. Mtu akipanda upesi, anapata ugonjwa wa mlima. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, kutapika na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande tena. Apumzike, anywe maji, na wenzake wamwangalie. Akizidi kuumwa, ashuke.

Lakini akianza kutembea kama mlevi, au kusema maneno yasiyoeleweka, au kuhema na kukohoa hata alipokaa kimya, basi hatari ni kubwa. Asingojee kesho. Dawa ya kwanza ni kushuka saa ile ile, hata usiku, naye asishuke peke yake. Ugonjwa huo haumchagui mdogo wala mnyonge. Wakati mwingine unamwangusha aliye hodari, kwa sababu yeye ndiye anayependa kukimbia.

Turudi kwa vijana wetu. Usiku ule mzee anamwangalia mgonjwa kwa taa. Bado anasema vizuri, anatembea sawa. Kulipokucha kichwa kinazidi kuuma. Nje mawingu yamefunguka. Kilele kinang'aa, cheupe, kama kiko karibu. Wenzake watatu wanakitazama. Walitunza feza muda mrefu kwa siku hii moja.

Mwenye miguu myepesi anasema, «Wapagazi wamshushe. Sisi twende na mzee.»

Mwenye kupika anajibu, «Ndugu yangu, kama ni wewe uliyelala pale, ungependa tukufanyie hivyo?»

Wanakaa kimya. Halafu mwenye miguu myepesi anauchukua mfuko wa mgonjwa, anautia juu ya mfuko wake mwenyewe. Hakusema neno. Wote wakashuka. Walipofika Mahangu, yule mdogo aliomba chai. Walipofika Kalonge alikula bukari, naye mchekeshaji akaanza tena mizaha yake.

Je, vakansi yao iliharibika? Kilele kiko pale pale. Kitawangoja mwaka mwingine. Rafiki hangeweza kungojwa.

7. Sheria za kibanda

Nyumba ya mjini ina mwenyewe. Kibanda cha mlimani ni cha kila mtu atakayefika. Kwa hiyo kina sheria, nazo ni rahisi.

Ya kwanza: Usitumie kuni zote. Yule atakayekuja usiku, amelowa na kutetemeka, hana nguvu ya kutafuta kuni. Kuni ulizomwachia zaweza kumponya. Wala usikate miti ya juu. Huko baridi ni nyingi na mti unakua polepole sana. Pandisha makala toka chini.

Ya pili: Mahali pakavu ni pa mgonjwa na mwenye kuchoka. Mwenye nguvu alale karibu na mlango.

Ya tatu: Mpagazi ni mwenzako. Ameubeba mzigo wako. Usimlaze nje, wala usimpe blanketi mbovu. Wakumbukeni Wazanzibari wa mwaka 1889 na nguo zao za pwani. Baridi haiulizi nani ni bwana na nani anabeba.

Ya nne: Takataka zako zishuke nawe. Choo kiwe mbali na maji. Maji ya kibanda yanakwenda kwa watu wa chini, nao wanayanywa.

Ya tano: Kabla ya kuondoka, fagia, zima moto mpaka majivu yapoe, funga mlango. Waache wafuatao wakute nyumba bora kuliko uliyoikuta wewe.

Ukitazama vizuri, sheria zote tano ni sheria moja: mfikirie mtu usiyemwona. Huyo atakayefika kesho hutamjua jina. Vilevile wewe hulijui jina la yule aliyekuachia kuni jana.

8. Leo, na huku kwetu

Siku hizi njia ya Mutwanga si njia ya vakansi. Tangu mwaka 2014 watu wengi wameuawa katika vijiji vya Beni, na wengine wamekimbia nyumba zao. Mlima wenyewe haukugombana na mtu. Watu ndio waliokosa amani. Wasafiri wengi wanapanda toka upande wa Uganda. Huko pia viko vibanda. Kimoja kinaitwa John Matte, kwa heshima ya Mukonzo aliyewasaidia wapanda mlima.

Tena barafu inapungua, kwa kuwa dunia inazidi kupata joto. Mwaka 1906 ilifunika kilometa za mraba 6 na nusu hivi. Mwaka 2003 ilibaki karibu moja tu. Labda ninyi mkiwa wazee mtawasimulia wajukuu kwamba Kongo ilikuwa na barafu.

Lakini si lazima kwenda mbali. Hata Katanga ina nchi ya juu. Kaskazini ya Lubumbashi iko Kundelungu, uwanda mrefu wa majani, na mahali pengine unapita mita 1,600. Imekuwa mbuga ya taifa tangu mwaka 1970. Kwenye ukingo wake mto Lofoi unaanguka zaidi ya mita 300, mpaka bonde la Lufira. Maji yake hayaendi Misri. Yanafuata Lufira, Lualaba na mto Kongo mpaka bahari ya magharibi.

Huko hakuna ugonjwa wa mlima. Yako mambo mengine. Usiku wa Julai baridi ni kali. Kwenye ukingo wa maporomoko jiwe lililolowa linateleza. Na kubwa kuliko yote ni moto: majani ni makavu, upepo ni mwingi, na kaa moja lililoachwa bila kuzimwa linaweza kuunguza nchi nzima. Kwa hiyo sheria ya tano ishikeni huko kuliko zote. Tena msiende bila mtu mzima anayejua njia.

Mkienda, mwende pole. Mdogo awe mbele, mwenye nguvu awe nyuma. Mkirudi, mwalimu hatawauliza mlifika wapi. Atawahesabu kwanza kama mmerudi wote.

Maswali

1. Kwa nini iko barafu juu ya Ruwenzori, karibu na ikweta?
2. Stairs na Wazanzibari walikosa nini mwaka 1889? Luigi wa Abruzzi alifanya nini tofauti?
3. Taja vibanda vitatu vya upande wa Kongo, na urefu wa kila kimoja.
4. Dalili gani zinaonyesha kwamba mgonjwa lazima ashuke saa ile ile?
5. Kwa nini mgonjwa alisema «Ni uchovu tu»? Rafiki mwema afanye nini akisikia neno hilo?
6. Sheria gani ya kibanda yafaa pia katika darasa letu? Eleza.

Hesabu

Lubumbashi iko katika mita 1,200, na leo joto ni digrii 20. Kama baridi inazidi kwa digrii 6 kila mita 1,000, joto litakuwa digrii ngapi katika mita 3,200? Na katika mita 4,200?

Maneno

Kilele: mahali pa juu kabisa pa mlima.
Korongo: bonde jembamba lenye kingo za kusimama.
Mpagazi: mtu anayebeba mizigo katika safari.
Theluji: maji yaliyoganda yanayoanguka toka mawinguni, meupe na mepesi.
Uwanda: nchi iliyo sawa, bila vilima.